Ukungu wa Kitambaa cha Njuguna

Njuguna alizikwa Mugutha siku ya Alhamisi, na nilifika nimechelewa kwa sababu nilikaa kitandani karibu saa nzima nikijiuliza kama nina uso wa kwenda. Nilikuta watu wameshaketi chini ya hema, kwaya imemaliza kuimba, na kijana mmoja mwenye suti inayombana anasoma historia ya marehemu kwenye kipaza sauti. Nilisimama nyuma pamoja na wapiga picha. Alisoma habari za kuzaliwa, za shule, za ndoa, kisha akafika pale nilipokuwa nikipaogopa. Marehemu, akasoma, alifanya kazi ya kupiga chapa vitambaa Thika kwa miaka kumi na mmoja, akaacha kwa sababu ya matatizo ya macho. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, kama wanavyofanya wakisikia jambo wanalolijua tangu zamani. Mimi nikatazama viatu vyangu. Njuguna hakuwa na matatizo ya macho. Katika watu wote niliowahi kufanya nao kazi hakuna aliyekuwa na macho kama yake. Mwenye matatizo ya macho nilikuwa mimi, na nililijua hilo siku tano kamili kabla yeye hajaitwa ofisini.

Sina haja ya kueleza nilizaliwa na nani. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikikaa Thika, mtaa wa Landless, katika ploti yenye vyumba kumi vilivyotazamana na bomba moja katikati. Chumba changu na cha kina Njuguna vilikuwa chumba kimoja zamani. Mwenye ploti aliweka ukuta wa plaiwudi apate wapangaji wawili, na plaiwudi ile ilizuia watu kuonana, basi. Nilijua Mama Wambui, mke wa Njuguna, anapokaanga vitunguu kabla harufu haijanifikia, kwa sauti ya mafuta. Nilijua kwamba Njuguna hupiga chafya mara tatu kila anapovua shati la kazi. Wao nao walinijua. Jumamosi nikipika pilau, Mama Wambui aligonga plaiwudi kwa mwiko akauliza kama leo Waswahili wamesahau majirani, na wakati huo nilikuwa nimeshawapakulia sahani yao. Ikifika zamu yake aliniletea mukimo wa viazi na mahindi uliofunikwa kwa sahani nyingine, akasimama mlangoni mpaka nionje, kwa sababu aliamini mtu wa Majengo, mtaa wa Waswahili nilikokulia, hawezi kula chakula kisicho na bizari mpaka asimamiwe.

Mimi na Njuguna tulifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo. Yeye alikuwa opareta wa mashine ya kupiga chapa leso na mashuka, mimi nilikuwa mkaguzi. Kitambaa kilichokauka kililetwa kwangu kikipita juu ya meza ya kioo iliyoinama, taa zikiwaka chini yake, nami nilisimama nyuma ya mstari wa njano uliopakwa sakafuni, hatua moja na nusu kutoka mezani. Mstari ule ulikuwa sheria. Supavaisa wetu, Mzee Kisaka, alisema mnunuzi haangalii leso kwa kuibandika puani, anaiangalia ikiwa imevaliwa na mtu, kwa hiyo mkaguzi naye asimame pale anaposimama mnunuzi. Nikiona kasoro nanyoosha kidole, kijana wa upande wa pili anafunga uzi mwekundu kwenye pindo bila kuuliza, nami naandika kwenye daftari. Roli ikipata nyuzi nyingi inashushwa daraja, inakatwa vipande na kuuzwa langoni kwa kilo. Kasoro tuliyoiogopa zaidi ilikuwa rangi kuachana. Kila rangi ina chapa yake, na chapa moja ikihama hata upana wa ukucha, ua linatoka nje ya mstari wake na kingo zote zinaonekana kama zimelowa maji. Nilikuwa hodari wa kuiona kasoro hiyo. Kiwandani waliniita Mwewe, na jina lile lilinivimbisha kichwa.

Perpetua alikuja mwezi wa tatu na begi moja na katoni ya vitabu. Tulisoma sekondari pamoja, kisha yeye akaenda chuo kikuu kusomea falsafa, jambo ambalo hakuna mtu katika ploti yetu aliyejua ni la nini. Wanafunzi walikuwa wamegoma, chuo kikafungwa, wakaamriwa wote warudi makwao na kuripoti kwa chifu kila wiki. Perpetua hakutaka kumwona chifu wao wala baba yake, akaja kwangu. Alilala upande wa ukutani, mimi upande wa mlango, na miwani yake nene ililala juu ya redio. Mama Wambui alimuuliza falsafa inatibu nini. Perpetua akasema haitibu kitu, kazi yake ni kuuliza tu. Mama Wambui akasema hata Wambui wake anauliza kutwa nzima na hakuna aliyempeleka chuo.

Jambo lililomshika Perpetua mwaka ule lilikuwa kuona. Tukiwa tunachagua maharagwe, sinia katikati yetu, alikuwa akinieleza kwamba wako wanaoshikilia kuwa ukijaribu kuchunguza kuona kwako mwenyewe, hukupati. Unachopata ni vitu: sufuria, ukuta, jirani anaanika nguo. Kuona kwenyewe ni kama kioo safi cha dirisha, unatazama ya nje tu. Basi wengine wakawauliza: na ukungu wa macho je? Mtu akivua miwani kila kitu kinapata ukungu, wala haamini kwamba sufuria yenyewe imebadilika. Ukungu huo kama si wa sufuria, ni wa nini? Si ni wa kioo chenyewe? Wale wa kwanza wakajitetea kwamba ukungu si kitu unachokiona, ni upungufu. Macho yanakupa habari chache kuliko kawaida. Yanakwambia ukingo wa sufuria uko mahali fulani kati ya hapa na pale, halafu yananyamaza. Lakini ukitazama kitu ambacho chenyewe kina ukungu, moshi kwa mfano, macho mazima yanakwambia waziwazi kwamba hapa hakuna ukingo. Kusema machache ni jambo moja, akasema Perpetua, na kusema kwa uhakika kwamba kitu hakina ukingo ni jambo lingine, na mtu akitulia hawezi kuyachanganya. Nikamwambia mbona kwangu yote ni mamoja. Akacheka akidhani namtania. Alipoona sitanii akafuta mikono akachukua daftari.

Sikujua kwamba macho yangu yameanza kuharibika, na hili ndilo gumu kuwaelezea wanangu. Wanadhani mtu huamka siku moja akaona vibaya, akajua. Mimi niliona dunia ndiyo iliyochakaa. Asubuhi za Thika zina ukungu wake, viwanda vina moshi, njia ya kwenda mtaa wa mabanda wa Kiandutu ina vumbi mwaka mzima. Watu niliacha kuwatambua mpaka waniamkie, nikasema siku hizi watu wanabadilika haraka. Taa za barabarani ziliota nywele, nikasema serikali imenunua taa mbovu. Kila ukungu nilioupata niliutafutia mahali huko nje, na mahali hapakukosekana. Perpetua akachora duara mbili kwa makaa nyuma ya kalenda, moja akaipangusa kingo kwa kidole gumba, akazibandika mlangoni na kuniuliza kutoka kitandani ni ipi iliyopanguswa. Nikasema zote mbili. Aliandika ukurasa mzima kwa furaha. Alikuwa amempata mtu ambaye ukungu wake ulikaa kwenye vitu, mtu wa kwenda kuwatikisia walimu wake. Leo nikikumbuka najionea aibu. Wasichana wawili wenye akili zao, mmoja ana miwani nene puani, na hakuna aliyewaza kusema, Zuhura, wewe huoni mbali. Tulikuwa na shughuli ya kubishana.

Mwezi wa tano ikaja oda ya leso yenye mchoro wa korosho zilizozungukwa na vitone vyeusi, vidogo kama punje za wimbi, na nje ya vitone mstari mwembamba mwekundu. Mchoro kama huo hapewi opareta yeyote. Alipewa Njuguna kwa sababu alikuwa bora, na ubora wake ndio uliomponza. Maua makubwa ya opareta wengine yalinifikia na ukungu kidogo tu, nikayapitisha. Vitone vya Njuguna vilinifikia vimeyeyukiana, moshi wa kijivu mtupu. Nikanyoosha kidole, uzi ukafungwa, nikanyoosha tena. Roli ya kwanza ikashushwa, kisha ya pili, kisha zikawa haziachi. Njuguna alisimamisha mashine, akapima chapa zake moja moja, akaosha, akaanza upya, na kwangu bado ulikuwa moshi. Langoni, wanawake wa Kiandutu waliokuja kununua vipande vya kilo walikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Nikiwa kwenye foleni ya chai nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hawa watu siku hizi, mbaya yao ni poa kushinda nzuri yao." Nilimsikia vizuri kabisa. Nikanunua mandazi yangu nikarudi kazini.

Siku moja baada ya chakula cha mchana Njuguna alikuja akasimama kando yangu, nyuma ya mstari wa njano. Hakuja kugombana, mtu yule hakujua kugombana. Alitazama kitambaa kikipita kwa muda mrefu, mikono ameiweka nyuma.

"Zuhura, mimi naona zimekaa tu sawa," akasema.

"Hazijakaa sawa, Baba Wambui. Zimeachana."

Akaomba Mzee Kisaka aitwe. Mzee Kisaka alikuwa na miwani ya kusomea mfukoni na hakuitoa kamwe mbele ya wafanyakazi. Alitupa jicho mara moja mezani, kisha akanitazama mimi badala ya kitambaa, akasema kama Mwewe amesema zimeachana, basi zimeachana. Njuguna akatazama tena. Akafikicha macho kwa mgongo wa mkono, mkono wenye bluu isiyotoka kwenye kucha, akatazama mara ya tatu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka.

"Ama ni mimi," akasema.

Maneno hayo matatu yamekaa nami miaka yote hii. Alikuwa anaviona vile vitone, kila kimoja na nafasi yake, mbele yake kweupe, akaanza kuvitilia shaka kwa sababu watu wawili wasioviona walikuwa wamekubaliana. Wakati ule sikufikiria hivyo. Nilijisikia vizuri, nakiri, kama mtu aliyeshinda bila kupaza sauti.

Kabla mwezi haujaisha alipewa barua ya kukaa nyumbani akisubiri kuitwa ofisini. Jioni ya Jumamosi iliyofuata sikupika pilau. Mimi na Perpetua tulikuwa tunakula chapati na ndengu, na upande wa pili wa plaiwudi vijiko viligonga sahani kisha vikanyamaza. Mama Wambui alikuwa akisema polepole, kwa Kikuyu kidogo na Kiswahili kidogo, kwamba huenda kuna mtu anataka kiti cha mume wake, na huenda mtu huyo ametumia jirani. Hakunitaja jina. Njuguna alimjibu kwa ule Kiswahili chake cha kunyoosha, labda makusudi, ili nisikie kama nasikiliza.

"Zuhura hawezi nisingizia. Huyo tumekula sahani moja. Akisema haiko sawa, haiko sawa. Ni macho yangu, Mama Wambui, wacha tukubali."

Nilirudisha chapati sahanini. Perpetua aliacha kutafuna akanitazama, na safari hii hakuchukua daftari.

Asubuhi yake, Jumapili, nilikuwa nimeketi kizingitini. Perpetua alitoka ndani, akavua miwani yake, akanivisha. Kwanza kichwa kiliniuma. Kisha nikaona misumari kwenye mabati ya paa la mbele, mmoja mmoja, na kutu imezunguka kila msumari. Nikaona majani ya mpapai nyuma ya choo yana mishipa. Nikaona nguo kwenye kamba na mishono yake. Halafu nikamwona Mama Wambui akifua kwenye bomba, na nikaona kwamba macho yake yamevimba, kwamba ni mtu aliyelia usiku kucha na bado hajamaliza. Nilikuwa nimemsabahi dakika tano kabla ya hapo. Nilikuwa nimemwona akinijibu na nikadhani yuko salama tu. Nikavua miwani, uso wake ukarudi kuwa uso wa kawaida. Nikaivaa, akarudi kulia. Hapo ndipo nilipoelewa maneno yote ya maharagwe, na laiti ningeyaelewa kwa njia nyingine yoyote.

"Utaenda kuwaambia?" Perpetua akaniuliza.

Nikamwambia nitaenda. Jumatatu, wenzangu walipotoka kwenda kula, nilivuka mstari wa njano kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikainamia kipande cha ile leso kilichobaki mezani mpaka pua yangu ikakaribia kukigusa. Vitone vilikuwa pale. Vilikuwa vimejipanga kuzunguka korosho, kila kimoja peke yake, na mstari mwekundu ulipita nje yao bila kugusa hata kimoja. Sijaona kazi safi kama ile tena. Nilirudi nyuma ya mstari nikavitazama vikiyeyuka mbele yangu, nikavuka tena, vikatulia. Nilifanya hivyo mara tatu au nne. Kama kuna mtu angeingia angedhani nacheza.

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza, ingawa kila nikieleza naona sababu zangu zinapungua uzito. Kulikuwa na mkaguzi kabla yangu ambaye macho yake yalichoka; hawakumfukuza, walimpeleka chumba cha kupasulia pamba, na baada ya miezi alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Nilikuwa nakutana naye getini. Nilijiambia nikisema leo nitakuwa kama yeye. Hiyo ni sababu ya kweli. Sababu nyingine ni kwamba nilikuwa Mwewe. Kila mtu kiwandani aliniita hivyo, hata mameneja, na sikuweza kuipata sentensi ya kuanzia. Jumatatu nilisema nitasema Jumanne. Jumanne redio ikatangaza vyuo vifunguliwe, Perpetua akafunga katoni yake kwa kamba ya katani, akanikumbatia mlangoni akisema anajua nitafanya lililo sawa. Aliondoka na miwani yake. Jumatano nilisema nitamwona Mzee Kisaka akiwa peke yake, na hakuwa peke yake. Alhamisi niliambiwa kesho nije na daftari langu.

Ijumaa ofisini walikuwa wanaume watatu nyuma ya meza, na Njuguna kwenye kiti cha mbao, amevaa shati la kanisani. Usoni alikuwa na miwani. Alikuwa amekwenda sokoni kwa mchuuzi anayepanga miwani kwenye trei, akajaribu moja baada ya nyingine mpaka akapata ya fremu ya kahawia iliyomkaa vizuri, akainunua, ili wakubwa waone kwamba amekubali kosa na amelitafutia dawa. Kitambaa chenyewe hakikuletwa, kilikuwa kimeshakatwa na kuuzwa. Kilicholetwa ni daftari langu. Mmoja wao aliniuliza kama kasoro zote hizi niliziona mwenyewe, kwa macho yangu. Nikasema niliziona. Kisha wakamgeukia Njuguna wakamuuliza yeye mwenyewe anasemaje, na Njuguna akaangalia kuta, dirisha, karatasi aliyopewa, na akasema kwa unyenyekevu kwamba hata sasa anaona kila kitu kina ukungu.

Ilikuwa ni miwani. Macho mazima yamevishwa miwani ya mtu mwingine, yangeona nini zaidi ya ukungu? Katika chumba kile hakuna mtu aliyelijua hilo isipokuwa mimi, ambaye siku tano zilizopita nilikuwa nimevaa miwani nikaona misumari. Ningeweza kusema, Baba Wambui, ivue hiyo. Maneno manne tu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumvua kwa mkono wangu. Nimefikiria sana juu ya yale aliyoniambia Perpetua, kwamba macho yenye ukungu hayasemi uongo, yanasema machache. Macho yangu mimi hayakumsingizia Njuguna. Yaliniambia, kuna kitu cheusi hapo, sijui kinaishia wapi. Mdomo wangu ndio uliokwenda kumalizia, ukasema kinaishia pabaya. Na mpaka Jumapili ile naweza kujisamehe, kwa sababu sikujua. Kuanzia Jumatatu hakuna falsafa inayonisaidia.

Unga wake ulimwagika siku hiyo hiyo, kazi ikaisha. Wiki mbili baadaye walihamia Mugutha, kwa mjomba wa Mama Wambui aliyekuwa na kipande cha shamba. Walipakia vitu kwenye pikapu, na mimi nikabeba jiko na ndoo, maana jirani akihama unasaidia. Njuguna alikuwa anakanyaga kwa tahadhari na ile miwani yake, akipapasa ngazi ya mlango kwa mguu kabla ya kushuka. Alinipa mkono. Akanishukuru, akasema nisingemwambia angeendelea kuwaharibia watu vitambaa. Mama Wambui hakunipa mkono. Alikuwa anafunga godoro, au alijitia kufunga godoro. Plaiwudi ilikaa kimya mwezi mzima, kisha akaja mpangaji mwingine mwenye redio.

Mwaka uliofuata niliacha kazi mwenyewe, kabla hawajanigundua, nikafungua duka la vitambaa. Miwani nilinunua baada ya kuolewa. Perpetua aliniandikia barua moja kutoka chuo, kurasa tatu. Aliandika kwamba karatasi yake juu ya ukungu ilisifiwa na walimu, na kwamba mtu wa duara mbili ndiye aliyewashangaza zaidi. Mwishoni aliuliza, Njuguna alirudishwa kazini? Nilianza kumjibu mara nyingi. Sikumjibu, na hakuandika tena, na hivyo nikampoteza hata yeye.

Mazishi yalipokwisha sikuondoka na wengine. Niliingia kwa Mama Wambui, sebule ndogo yenye makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe, akina mama wakipakua wali na minji jikoni. Alinitambua mara moja, akanivuta nikae kando yake, kana kwamba lile godoro halikuwahi kufungwa. Akaniambia marehemu alikuwa akinitaja kwa wema, kwamba Zuhura alimwambia ukweli wakati wengine wangemficha. Akaniambia kiwanda kimoja cha Ruiru kilimwita mara mbili, kikitaka mtu wa kupiga chapa, akakataa. Alibeba magunia ya kahawa mpaka mgongo ukashindwa, kwa kuwa gunia, alisema, halitaki macho. Hapo nikamwambia. Nilimweleza yote kwa mpango huu huu nilioandika hapa, mstari wa njano, miwani ya Perpetua, ile Ijumaa. Sikulia. Niliona kulia kungekuwa kumwomba kitu.

"Ulijua kabla aitwe ofisini?" akauliza.

"Nilijua."

"Na akiwa hapo mbele yao, na hiyo miwani?"

"Ndiyo, Mama Wambui. Nilijua."

Hakunitukana. Aliweka kikombe chini, akatazama mlangoni ambako watu walikuwa wanakunja viti. Kisha akaanza kunieleza habari za Kimani. Jina hilo lilikuwa limesomwa katika orodha ya watoto, na msomaji alisita kidogo kabla ya kuendelea. Kimani alizaliwa hapo Mugutha, akagombana na baba yake alipokuwa mkubwa, akaondoka bila simu wala barua. Baada ya miaka mitatu, Mama Wambui na Njuguna walikuwa Ruiru mjini, upande huu wa reli, na Njuguna akavua miwani afute jasho, kisha akasimama ghafla akasema Kimani yule pale ng'ambo, anashusha simiti dukani. Alitaka kuvuka. Mama Wambui akamshika mkono.

"Nilimwambia ni macho yake," akasema. "Akanisikiza. Tukaenda nyumbani."

Kimani hajaonekana mpaka leo. Kifo cha baba yake kilitangazwa redioni, majina yote ya watoto yakatajwa, hakuja.

"Aliniambia amevaa shati ya bluu," Mama Wambui akaendelea. "Ati kola imeraruka upande mmoja. Mimi nikamwambia, kutoka huku, na vile macho yako iko, ni nani anaweza ona kola?"

Alinigeukia. Lilikuwa swali, alitaka kujibiwa.

"Angeiona," nikamwambia. "Kutoka hapo, Baba Wambui angeiona."